Amerika ya Kusini, Ndege Ndiyo Basi

Kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro, na kwa muda mrefu nilitamani kuwaona wenzetu wa milima ya Andes kazini, hasa wale wanaobeba mizigo kwenye njia ya Inka kuelekea Machu Picchu, ambao sisi huku tungewaita wagumu. Nafasi ilipopatikana nilijiandaa kwa habari za milima. Lakini mengi niliyorudi nayo niliyapata nikiwa nimefunga mkanda kwenye kiti cha ndege, au nimekaa kwenye ukumbi wa kusubiri nikiangalia watu wanavyosafiri. Nayaandika kwa ajili ya mwenzangu wa Afrika Mashariki atakayefuata njia hiyo, kwa sababu maelezo mengi yaliyopo yameandikwa na watu ambao pasipoti zao haziulizwi maswali.

Hakuna shirika la Amerika ya Kusini linalotua Dar es Salaam, Kilimanjaro wala Nairobi. Unaweza kupitia Addis Ababa na Ethiopian mpaka São Paulo, au Luanda na shirika la Angola, TAAG. Mimi nilichagua kwenda Johannesburg kwanza na kupanda hapo ndege ya LATAM, shirika kubwa la Amerika ya Kusini. Njia hiyo ya Johannesburg na São Paulo ilianzishwa 2016, ikakatika wakati wa Covid, ikarudi 2023. Sababu yangu ilikuwa moja: nilitaka jina moja kwenye tiketi kuanzia Johannesburg hadi Cusco, na baadaye Santiago.

Hilo jina moja lina mambo ndani yake. LATAM ilizaliwa 2012 kwa kuunganisha LAN ya Chile na TAM ya Brazil. LAN ilianzishwa na serikali ya Chile mwaka 1929 ili kupeleka barua na watu kati ya Santiago na Arica, kaskazini kabisa mwa nchi iliyo nyembamba na yenye urefu unaozidi kilomita 4,000. Mwanzilishi wake, Arturo Merino Benítez, ndiye ambaye uwanja wa Santiago umepewa jina lake. TAM ilianza miaka ya 1960 kama teksi za angani za marubani wachache huko Marília, mji wa ndani wa jimbo la São Paulo, ikakuzwa na Rolim Amaro, rubani aliyependa kuwatandikia abiria zulia jekundu mlangoni pa ndege. Leo abiria anaona rangi moja na nembo moja, lakini ndani yake kuna kampuni za Brazil, Chile, Peru, Kolombia, Ekuado na Paragwai, kila moja na leseni yake na sheria za nchi yake.

Ukitaka kujua uko kwa nani, angalia herufi zilizoandikwa karibu na mkia. CC ni ndege ya Chile, OB ni ya Peru, zinazoanza na PR, PS au PT ni za Brazil. Nilifanya hivyo kila nilipopanda, na si kwa kupoteza muda. Inakusaidia kujua tangazo la kwanza litakuwa kwa Kireno au Kihispania. Jambo la kupima zaidi ni haki zako siku mambo yakienda kombo, kwa sababu hizo zinafuata sheria za nchi husika na wala si nembo. Jambo jingine la kujua mapema: LATAM ilitoka kwenye umoja wa mashirika ya ndege uitwao Oneworld Mei 2020 na haijajiunga na umoja mwingine, kwa hiyo pointi zako za Star Alliance ulizokusanya na Ethiopian hazitakufaa hapo.

Safari ya kuvuka Atlantiki ya Kusini ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kutoka Johannesburg ni mwendo wa kama saa kumi kwenda, na chini ya hapo kurudi, kwa sababu pepo za juu katika latitudo zile huvuma kutoka magharibi. Ukishaiacha pwani ya Namibia ni bahari tupu mpaka Brazil. Ndege ilikuwa Boeing 787, na mtu wa milima anaithamini ndege hiyo kwa jambo ambalo abiria wengi hawalioni. Hewa ya ndani huwekwa kwenye msongamano ulio sawa na mwinuko wa mita 1,800 hivi, wakati ndege nyingi za zamani zinafika 2,400. Kwa maneno mengine, unakaa saa zote hizo kama uliyesimama lango la Marangu, na mwili unashuka ukiwa na nguvu zake. Dirisha halina pazia la kuvuta. Unabonyeza kitufe, kioo chenyewe kinaingia giza. Chakula cha moto kiliandaliwa, blanketi likatolewa, na wahudumu walihama kutoka Kireno kwenda Kihispania kwenda Kiingereza bila kusita.

Halafu nikatua Guarulhos, uwanja mkubwa wa São Paulo, nikatazama saa ya ukutani na kubaki nimesimama. São Paulo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili, na Brazil iliacha kubadilisha saa za msimu tangu 2019, kwa hiyo tofauti hiyo haihami mwaka mzima. Sisi nasi tunahesabu saa zetu kuanzia alfajiri, tofauti ya sita vilevile na saa ya Kizungu. Matokeo yake, namba inayoonyeshwa na saa ya São Paulo ndiyo ileile anayoitamka mama yangu Moshi kwa Kiswahili. Saa ya ukutani ikisema nane, nyumbani wanasema ni saa nane. Siku zote nilizokuwa Brazil sikuhitaji kupiga hesabu kujua kama nyumbani wameshakula au wameshalala, mradi nikumbuke tu kuwa kwao huweza kuwa mchana wakati kwangu bado usiku.

Pale Guarulhos kuna jambo la kuzingatia. Kama unaunganisha kwenda nchi nyingine, unafuata vibao vya *conexão* na begi lako linaendelea lenyewe. Kama unaunganisha kwenda mji mwingine wa Brazil, unapita uhamiaji, unachukua begi, unapita forodha, kisha unalikabidhi upya. Shughuli hiyo inakula muda, na mlango wa kupandia hubadilika mara kwa mara. Chini ya saa tatu kati ya ndege na ndege ni kujitakia presha. Kabla ya hapo, Johannesburg, wafanyakazi wa kaunta waliangalia visa ya kila nchi niliyokuwa naingia, moja baada ya nyingine, pamoja na kadi ya homa ya manjano. Walikuwa na heshima, lakini walichukua muda. Wenye pasipoti zetu tufike kaunta mapema kuliko wengine, na kila karatasi iwe imechapishwa, kwa sababu simu huzimika.

Kutoka São Paulo hadi Lima ni kama saa tano, na huko Lima ndiko nilikoanza kuelewa ndege ni nini kwa watu wa bara lile.

Lima iko ufukweni, na wakati wa majira yao ya baridi, takriban Juni hadi Septemba, ukungu mzito kutoka baharini huilalia asubuhi. Uwanja wa Jorge Chávez, uliopewa jina la rubani wa Kiperu aliyevuka milima ya Alps kwa ndege mwaka 1910 na kufa kwa majeraha ya kutua, mara nyingine hushikwa na ukungu huo na ndege zote husubiri. Tulisubiri. Karibu yangu alikaa kijana aliyekuwa anarudi Iquitos na boksi la vipuri vya bajaji lililofungwa kwa kamba. Kwa kuchanganya Kiingereza na Kihispania alinieleza kwamba hakuna barabara inayofika kwao. Iquitos, mji wa mamia ya maelfu ya watu ndani ya Amazon, unafikika kwa mto au kwa ndege tu, na kwa mto ni siku nyingi. Alisema hivyo kawaida kabisa, kama mtu wa Mafia anavyozungumzia boti.

Nilipowatazama wale watu ukumbini, nikaona jinsi walivyo tofauti na abiria ninaowazoea kwenye safari za ndani Afrika. Walikuwepo bibi waliovaa sketi zao nene za milimani na kusuka mikia miwili. Walikuwepo wanafunzi, vibarua na familia zenye watoto wanne. Kutoka Lima kwenda Cusco kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,000 za kona za milimani, karibu siku nzima mchana na usiku. Kwa ndege ni saa moja na dakika ishirini hivi. Andes imesimama katikati ya nchi, Amazon imelala upande wa pili, na reli za kuunganisha miji hiyo hazipo. Ndege kule imechukua kazi ya basi, na ukilielewa hilo, kila kitu kingine kinaeleweka: kwa nini zipo safari nyingi kwa siku, kwa nini huduma ni fupi, kwa nini mizigo inapimwa kwa ukali, kwa nini watu hushangilia mtoto akianza kuimba.

Ndiyo maana pia tiketi zao zimekatwa vipande. Ya bei ya chini kabisa, inayoitwa Basic, inakuruhusu mkoba mdogo wa kuingia chini ya kiti cha mbele. Begi la kuweka juu, begi la kupakiwa na kuchagua kiti vinalipiwa kando, na ukisubiri mpaka mlangoni pa ndege unalipa zaidi kuliko ukilipa mapema mtandaoni. Ndege za safari fupi hazina skrini kwenye viti. Unapakua programu yao kabla ya kuondoka, unaangalia filamu kwenye simu yako. Kwa mtu wa milima mwenye buti nzito, koti na begi la kulalia, ile bei ndogo haina maana yoyote. Mwambie wakala wako akukatie tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, yenye begi la kupakiwa katika kila kipande, na akusomee kanuni zake kabla hujalipa. Buti vaa mguuni.

Cusco sasa. Uwanja wake uko mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na milima pande zote, katikati ya mji. Ndege huingia kwa kupinda ndani ya bonde, na nyumba za matofali mekundu zinapita chini ya bawa karibu sana. Safari nyingi zimepangwa asubuhi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na jua likishaipasha inazidi kuwa nyepesi, bawa linapungukiwa nguvu, na pepo za mchana zinaamka. Ukipewa kuchagua, chagua ya asubuhi.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Katika safari za kawaida, ndege inaposhuka, hewa ya ndani inazidi kuwa nzito na masikio yanaziba. Kwenda Cusco mambo yanageuka. Uwanja wenyewe uko juu kuliko mwinuko ambao hewa ya ndani huwekwa kwa kawaida, kwa hiyo ndege inashuka kwa nje, lakini mwili wako unapandishwa. Pakiti ya viazi vya kukaanga niliyokuwa nayo ilivimba mpaka tunagusa ardhi. Jirani yangu alifungua chupa ya mafuta ya nywele ikamrukia.

Hapa nasema kama mwongozaji. Kilimanjaro tunamchukua mgeni siku mbili kumfikisha Horombo, mita 3,720, na bado kila saa tunamwambia pole pole. Kutoka Lima, mji wa pwani, unafikishwa karibu na mwinuko huo kabla chai haijapoa. Niliona watu wenye afya njema wakikimbilia mabegi yao kwa furaha, na nusu saa baadaye wamekaa kwenye ngazi wameshika vichwa. Hakuna mwinuko unaokujali kwa sababu umefika kwa ndege. Kanuni yetu ya kupanda juu na kulala chini inafaa hapo hapo: ukitua Cusco, teremka siku hiyo hiyo ukalale bonde la Urubamba au Ollantaytambo, ambako ni karibu mita 2,800, na Machu Picchu yenyewe iko 2,430 tu. Cusco ilale mwisho wa safari, mwili ukiwa umezoea. Wenyeji watakupa chai ya majani ya koka, na ni halali kwao. Inatuliza, lakini usiyaweke majani hayo kwenye begi kuvuka mpaka, maana Chile na Brazil hawayataki.

Niliambiwa La Paz ya Bolivia ni zaidi ya hapo, na ramani inakubali: uwanja wa El Alto uko mita 4,061, na barabara yake ya kurukia ina urefu wa kilomita nne, kwa sababu ndege inahitaji mbio ndefu kupata nguvu ya kuinuka. Ndege nzito huondoka na mafuta machache, zikaongeze Santa Cruz kwenye tambarare. Huko nitakwenda siku nyingine, kwa basi kutoka Puno.

Nikiondoka Cusco, nilipanga foleni na watu waliobeba mikate. Ni mikate ya duara, mikubwa kama sinia, inayookwa kijiji cha Oropesa na kuitwa *chuta*. Karibu kila familia ilikuwa na mfuko wake, na wahudumu walisaidia kuipanga kwenye makabati ya juu bila kuponda hata mmoja. Mama mmoja alinimegea kipande kabla hatujaruka. Kilikuwa kitamu kidogo na kunukia anisi.

Lima hadi Santiago ni kama saa tatu na nusu, na nakusihi ukae dirisha la kushoto. Ukielekea kusini, Andes inakaa upande huo, theluji juu na jangwa la Atacama chini yake. Chile nako wana jambo lao, na wanalisimamia kwa nguvu zote. Idara yao ya kilimo na mifugo, SAG, inamtaka kila anayeingia ajaze tamko kama ana kitu chochote cha mimea au wanyama: tunda, mbegu, asali, nyama, mbao. Nchi yao imezungushiwa uzio wa asili, jangwa kaskazini, Andes mashariki, bahari magharibi na barafu kusini, na inaishi kwa kuuza matunda nje, kwa hiyo nzi mmoja wa matunda ni hasara ya taifa. Nilikuwa na kahawa ya kukaanga ya Kilimanjaro na kinyago cha mpingo, zawadi za wenyeji wangu. Nilijaza ndiyo. Afisa aliinusa kahawa akairudisha, akakigeuza kinyago chini juu akitafuta matundu ya wadudu, akanipisha. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na tufaha moja alilopewa kwenye ndege na hakulitaja, na nilimwacha akiandikiwa faini. Kama unashuku, jaza ndiyo; kusema una kitu hakukupi adhabu.

Kutoka Santiago kurudi São Paulo unavuka Andes dakika chache baada ya kuruka. Rubani aliwaketisha wahudumu wote na kutangaza mikanda ifungwe, na ndege ilitikiswa kweli. Upepo wa Pasifiki ukigonga ukuta ule unapanda na kuporomoka upande wa pili kama maji juu ya mwamba. Aconcagua, mita 6,961, ilisimama upande wa kushoto, na moyo wangu ulikwenda kwa wale Waruguai wa 1972, watu 45 kwenye ndege ya jeshi iliyoanguka milimani humo, ambao 16 tu waliokolewa baada ya siku 72. Nimeshusha wagonjwa kutoka juu ya Kibo usiku. Najua mlima unaweza kufanya nini kwa mtu aliyevaa vizuri na mwenye chakula. Wao hawakuwa na kimoja.

Kabla ya kurudi nyumbani nilikwenda Rio na shirika jingine. Kati ya uwanja wa Congonhas, ulio katikati ya São Paulo, na Santos Dumont wa Rio kuna utaratibu unaoitwa daraja la angani, ulioanza 1959. Ndege zinafuatana, watu wanakwenda kazini na kurudi jioni. Santos Dumont ina barabara ya mita 1,323 tu, imechomekwa kwenye ghuba ya Guanabara, na ukungu ukiingia hakuna anayetua. Siku yangu uliingia. Dada aliyekaa jirani alinihesabia vidoleni haki za abiria wa Brazil, ambazo mamlaka yao ya anga, ANAC, iliziandika 2016: ucheleweshaji ukifika saa moja, unapewa njia ya mawasiliano; saa mbili, chakula; saa nne, unachagua kurudishiwa fedha au kupangiwa safari nyingine, na kama ni kulala unalazwa. Haijalishi kama kosa ni la shirika au la ukungu. Saa mbili zilipotimia watu walisimama wote kwa pamoja kwenda kuchukua vocha zao, bila kelele, na kaunta ikazitoa bila ubishi.

Hilo ndilo lililoniuma kidogo, kwa namna ya kutamani. Sisi nasi tuna umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa ni bara zima la misitu, na mfanyabiashara wa Bukavu anayetaka kufika Kigoma kwa ndege anazungushwa miji mikuu ya watu. Viongozi wetu wa Afrika walikubaliana Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, mwaka 1999 kufungua anga, wakazindua soko moja la anga 2018, na bado bibi mwenye mkungu wa ndizi hayumo kwenye ndege. Nimemwona mwenzake Cusco, na mkate wake kabatini.

Mwisho, kadi ya njano usiiweke kwenye begi la kupakiwa. Brazil na Peru ziko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na ukitua nyumbani afisa wa afya ataiomba. Chanjo inapigwa angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 cheti chake kinatambulika maisha yote.